Ufito wa Besi: Usinunue kwa Macho

Je, ndugu msomaji, umewahi kununua kitu dukani kwa furaha, ukakibeba hadi nyumbani kama mtu aliyeposa, kisha siku ya kukitumia ukatamani ardhi ipasuke ikumeze?

Mimi yalinifika, tena mbele ya mke wangu na binti yangu, katikati ya Ziwa Naivasha. Binti yangu wakati huo alikuwa mwanafunzi wa sekondari na nilikuwa nimemwahidi kwamba akifanya vyema mtihani wa mwisho wa muhula, nitampeleka kuvua samaki. Alifanya vyema. Ahadi ni deni, nami sikuwa na ufito wa kuvulia. Nikaenda mjini Jumamosi moja, nikaingia duka la kwanza nililoliona, nikaonyeshwa fito zilizopangwa ukutani kama mikuki. Muuzaji akanitolea mmoja mrefu, mnene, wenye rangi ya dhahabu. "Huu, mzee, hata papa hatoki," akaniambia. Bei ilikuwa chini ya ile ya fito nyingine. Nikalipa bila kuuliza swali hata moja.

Ziwani mambo yaliharibika mapema. Kila nikirusha, chambo kilianguka hatua chache tu kutoka kwenye mashua, kama kokoto iliyotupwa na mtoto. Ufito ulikuwa mgumu kama mti wa fagio na haukupinda hata kidogo. Samaki mmoja aliponasa kwa bahati, nilivuta kwa nguvu, ndoana ikamchanika mdomoni, akaenda zake. Mke wangu akanitazama kwa upole, akasema, "Baba watoto, na samaki wa pesa zote zile yuko wapi?"

Kijana aliyetuendeshea mashua ndiye aliyeniokoa. Alitoa ufito wake mfupi, uliochakaa, mpini wake ukiwa umefungwa utepe wa fundi wa umeme. "Mzee," akasema kwa adabu, "huo wako ni wa baharini. Hapa tunavua kwenye magugu." Akampa binti yangu. Haikupita nusu saa, msichana akawa amemtoa besi wa kutosha chakula cha jioni cha watu wawili.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba ufito mzuri si ule wa bei ya juu, wala si ule wa bei ya chini. Ufito mzuri ni ule unaolingana na samaki unayemtaka, maji unayovulia na mkono wako mwenyewe. Ukishalijua hilo, utashangaa jinsi fedha kidogo zinavyoweza kukununulia kifaa kitakachokaa miaka mingi.

BESI NI SAMAKI GANI?

Kabla ya kuchagua silaha, mjue adui. Besi tunayemzungumzia hapa ni yule wa mdomo mkubwa, ambaye asili yake ni mito na maziwa ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Aliletwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 ili watu wapate samaki wa kuvua kwa starehe, kwa kuwa ziwa hilo halikuwa na samaki wa maana wa kiasili. Ana mgongo wa kijani kibichi, mstari mweusi ubavuni, na mdomo unaoweza kumeza chura mzima.

Besi ni mwindaji wa kuvizia. Hazunguki zunguki katikati ya maji kama anayefanya matembezi. Hujibanza chini ya mafunjo, kando ya magugu, au kati ya miti iliyozama, akingoja kitoweo kipite. Naivasha chakula chake kikubwa kimekuwa wale kamba wekundu wa maji baridi, ambao nao ni wageni kutoka Marekani walioletwa yapata mwaka wa 1970. Na tangu maji ya ziwa yalipopanda sana mnamo mwaka wa 2020, miti mingi iliyokuwa nchi kavu sasa imesimama majini, mikavu. Maficho yameongezeka, lakini vizuizi vya kunasa mshipi wako pia vimeongezeka.

Kwa hivyo ufito wako una kazi tatu. Kwanza, urushe chambo kidogo mahali padogo, karibu kabisa na ficho. Pili, uisukume ndoana ipenye mdomo mgumu wa samaki. Tatu, umvute samaki atoke kwenye magugu kabla hajajizungusha humo na kukukatia mshipi. Ufito usioweza kazi hizo tatu si wa besi, hata ukiwa umepakwa dhahabu.

UFITO WA RILI YA JUU

Wavuvi wa besi hupenda aina maalumu ya ufito ambao rili, yaani kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, hukaa juu ya mpini, si chini yake. Pete za kupitishia mshipi nazo ziko upande wa juu. Chini ya mpini kuna kijino kilichopinda kama kifyatulio cha bunduki, mahali pa kukaza kidole cha shahada. Hiyo ndiyo alama rahisi ya kuutambua dukani. Ufito wa aina ya pili, ambao rili yake huning'inia chini, hauna kijino hicho, na pete yake ya kwanza ni kubwa kama bangili ya mtoto.

Kwa nini watu wapende rili ya juu? Kwa sababu kidole gumba hukaa juu ya mshipi wakati wote. Chambo kikiwa angani, unakigandamiza kidogo kwa gumba na kinaanguka pale pale ulipotaka, kando ya shina la mti. Tena rili hiyo huhimili mshipi mnene na mvutano mkali.

Lakini nisikufiche, ina adabu yake. Usipotumia gumba, kigurudumu huendelea kuzunguka kwa kasi kuliko mshipi unavyotoka, nao mshipi hufumana kama nywele za mtoto aliyetoka kulala. Utakaa dakika ishirini ukifumua huku wenzako wanavua. Kwa mtoto wa miaka saba au minane, na kwa mtu atakayevua mara moja kwa mwaka, rili ya chini ni rahisi zaidi. Kwa kijana wa sekondari au mtu mzima aliye tayari kufanya mazoezi wiki mbili uani, rili ya juu itamlipa.

SOMA MAANDISHI YA UFITO

Watu wengi hutazama rangi, wakasahau kusoma. Juu kidogo ya mpini pameandikwa habari zote unazohitaji, ingawa kwa vifupisho. Uchukue ufito mkononi, uusogeze penye mwanga, na utafute mambo manne.

La kwanza ni urefu. Fito nyingi hupimwa kwa futi na inchi. Kwa besi, chagua kati ya futi 6 na inchi 6 na futi 7, yaani kati ya mita 2 na mita 2.13 hivi. Ulio mfupi zaidi haurushi mbali. Ulio mrefu zaidi humchosha anayeanza, na ndani ya mashua ndogo yenye watu wanne utamgonga mtu kisogoni. Wangu wa dhahabu ulikuwa wa futi 10. Sasa unaelewa aibu yangu.

La pili ni nguvu. Hapa utaona herufi. M ni nguvu ya wastani, ML ni chini ya wastani, MH ni juu ya wastani, na H ni ufito mzito. Kama utanunua mmoja tu kwa kazi zote, chukua M au MH. M ni mwepesi mkononi na unamfaa kijana. MH utakusaidia zaidi kumtoa besi kwenye magugu na miti ya Naivasha. Ule wa H waachie wanaojua wanachokifanya.

La tatu ni mkunjo, yaani mahali ufito unapopindia. Mwingine hupinda karibu na ncha tu, na mwingine hupinda hadi katikati. Unaopindia nchani hupeleka ndoana haraka ukivuta, na ndio unaofaa chambo laini cha plastiki chenye ndoana moja, kama mnyoo wa bandia. Unaopinda hadi katikati ni mpole. Unafaa chambo kigumu chenye ndoana za makali matatu, kwa kuwa haumchani samaki mdomo. Kwa ufito mmoja wa kazi zote, tafuta ule unaoanza kupinda kwenye theluthi ya juu.

La nne ni uzani. Utaona tarakimu mbili zenye lb, yaani pauni. Hiyo ndiyo nguvu ya mshipi unaofaa. Halafu utaona nyingine zenye oz, yaani aunsi. Huo ndio uzito wa chambo. Aunsi moja ni kama gramu 28. Kwa besi, ufito unaokubali mshipi wa pauni 10 hadi 17, na chambo cha aunsi 1/4 hadi 5/8, yaani takriban gramu 7 hadi 18, utakufaa karibu kila siku. Usizidharau tarakimu hizo. Ukifunga chambo chepesi kuliko kilichoandikwa, ufito hautapinda na hutarusha popote. Ukifunga kizito mno, huenda ukauvunja ukiwa bado angani.

Na ufito usioandikwa chochote? Mwachie mwenye duka. Mtu asiyetaka kukuambia kifaa chake kinaweza nini, usimpe pesa zako.

UMETENGENEZWA KWA NINI?

Zamani fito zilitengenezwa kwa mianzi na hata chuma. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia zikaja za nyuzi za kioo, ambazo Waingereza huziita faibaglasi. Mapema miaka ya 1970 zikaanza kuuzwa za grafiti, yaani nyuzi za kaboni.

Faibaglasi ni nzito kidogo na haikupi habari nyingi mkononi, lakini ni ngumu kuvunjika. Ukikanyagwa, ukigongwa na mlango wa gari, huenda ukapona. Bei yake kwa kawaida ni ya chini. Grafiti ni nyepesi, na besi akigusa chambo unasikia mpaka kwenye kiganja. Lakini ni kama glasi ya chai ya wageni, haitaki kugongwa. Alama ndogo tu ya mkwaruzo yaweza kuwa mwanzo wa ufa, na ufa ule hungoja siku ya samaki mkubwa ndipo ujitokeze.

Kwa mfuko mwembamba, njia ya kati ni mchanganyiko wa hizo mbili. Kampuni ya Shakespeare ya Marekani ilianza kuuza fito za mchanganyiko huo, zinazoitwa Ugly Stik, mwaka wa 1976, na sifa yake tangu hapo imekuwa ni ugumu. Sasa makampuni mengi hutengeneza kitu cha namna hiyo. Kwa familia yenye watoto, ambamo ufito utaazimwa, utaangushwa na kusafiri kwenye matatu, mimi ningechukua mchanganyiko kabla ya grafiti tupu.

Usibabaishwe na muuzaji atakayekutajia tarakimu za ubora wa grafiti. Kila kampuni huhesabu kwa namna yake, na tarakimu kubwa mara nyingi humaanisha ufito mwembamba na mwepesi zaidi, ambao pia ni mwepesi wa kuvunjika.

MAJARIBIO SITA DUKANI

Sasa umeshika ufito wenye maandishi unayoyataka, na bei yake unaimudu. Usitoe pochi bado. Fanya majaribio haya mbele ya muuzaji, na akikasirika, ondoka.

Kwanza, funga jicho moja, utazame kutoka kwenye mpini hadi nchani kama mtu anayelenga shabaha. Ufito uwe umenyooka, na pete zote ziwe katika mstari mmoja. Pete iliyokaa upande itakula mshipi wako.

Pili, hesabu pete. Kanuni ya wavuvi ni kwamba zisipungue idadi ya futi za ufito, ukiacha ile ya nchani. Ufito wa futi 7 wenye pete tano tu umebaniwa gharama. Ukipinda, mshipi utagusa mti wa ufito wenyewe na kusuguana nao.

Tatu, chukua kipande cha pamba, ukipitishe ndani ya kila pete na kukizungusha. Pamba ikinasa, pete ina ufa au makali. Pete bora zina utando mgumu wa kauri ndani. Za chuma kitupu zaweza kufaa kwa mshipi wa nailoni, lakini mshipi wa kusokotwa utazichimba mifereji.

Nne, mwombe muuzaji ashike ncha kwa kiganja nawe upinde ufito polepole. Mpindo uwe laini kama upinde, bila kona ya ghafla. Sikiliza. Mlio wa kukatika, hata mdogo, ni kwaheri.

Tano, funga rili mahali pake. Ikaze, kisha itikise. Ikicheza dukani, ziwani itang'oka. Halafu weka kidole chini ya ufito, mbele kidogo ya rili, uone kama unatulia. Ukianguka sana upande wa ncha, mkono wako utakuwa umechoka kabla ya saa nne asubuhi.

Sita, kama ni wa vipande viwili, viunge na uvitenganishe mara tatu. Viingiane vizuri, visilegee wala visikwame. Wataalamu husifu ufito wa kipande kimoja, na ni kweli una nguvu zaidi kidogo. Lakini mtaalamu huyo ana gari lake. Wewe unayeshuka basi mjini Naivasha ukiwa na watoto, kikapu na blanketi, vipande viwili vitakupunguzia matusi ya utingo.

Kama unanunua wa mkono wa pili, ongeza jaribio la saba. Pitisha ukucha taratibu urefu wote wa ufito ukitafuta mkwaruzo, na uitazame ncha kama haijakatwa na kupachikwa pete upya. Ufito uliofupishwa hauna tena nguvu iliyoandikwa juu yake. Mpini uliochakaa si kitu. Koki hukwanguliwa kwa msasa ikawa mpya.

GAWA SHILINGI ZAKO

Kosa la pili nililofanya ni kumaliza pesa zote kwenye ufito, nikanunua rili ya kuchezea watoto. Ufito bila rili nzuri ni kama baiskeli bila mnyororo. Ushauri wangu ni huu: kwa kila shilingi kumi ulizotenga kwa vifaa, nne ziende kwa ufito, nne kwa rili, na mbili kwa mshipi, ndoana na vyambo. Kama ni lazima upunguze mahali, punguza kwenye ufito kuliko kwenye rili, kwa kuwa rili ina meno na springi zinazoharibika.

Halafu, kando ya hizo, weka nauli, mashua na leseni. Uvuvi wa ndoana katika Naivasha unahitaji leseni. Uliza katika ofisi ya uvuvi, na uulize pia kama ziwa liko wazi. Sheria hizo hazikuwekwa kwa chuki. Mwaka wa 2001 uvuvi ulisimamishwa baada ya samaki kupungua mno. Tangu miaka hiyo pia kumeingia samaki wengine, hasa karpi, ambao wamekuwa wengi kuliko besi. Kwa hivyo ukimnasa besi mdogo, mrudishe majini akakue. Mjukuu wako naye atataka kuvua.

Jamaa aliye ng'ambo akikuahidi kukuletea ufito, mshukuru, lakini mwambie aupakie ndani ya bomba gumu, na uulize mapema habari za ushuru. Hapa nyumbani, kipande cha bomba la plastiki la fundi wa maji, chenye vifuniko viwili, ni ala bora kuliko mifuko mingi ya dukani. Bei yake ni ndogo, na kitauokoa ufito wako kwenye buti la matatu.

ULINDE, NAO UKULINDE

Fito nyingi hazivunjwi na samaki. Huvunjwa na milango ya magari, na watu wanaowainua samaki hewani kama ndoo ya kisimani. Samaki akifika kando ya mashua, usimnyanyue kwa ufito. Mchukue kwa wavu wa mkono, au umshike mdomo wa chini kwa gumba. Meno ya besi ni kama msasa, hayatakukata. Ndoana ndiyo ya kuogopa.

Ukirudi nyumbani, pangusa ufito kwa kitambaa chenye maji safi, ukauke, uuning'inize wima au uulaze palipo sawa. Usiuegemeze ukutani mwezi mzima ukiwa umepinda, wala usiufungie ndani ya gari juani.

Na sasa neno la usalama, tafadhali usiliruke. Grafiti hupitisha umeme. Wingu la mvua likijikusanya, weka ufito chini na urudi pwani mara moja. Usipite nao umesimama chini ya nyaya za stima. Kumbuka pia kwamba Naivasha ina viboko. Usivue ukiwa umesimama ukingoni kwenye majani wakati wa alfajiri au magharibi, wanapotoka na kurudi majini. Kodi mashua yenye nahodha anayejua njia zao, na kila mmoja, pamoja na wewe baba unayejiona waogelea, avae jaketi la kuelea.

KABLA YA SAFARI

Usiende ziwani kujifunza kurusha. Nenda uwanja wa mtaa jioni, ufunge chubwi ya gramu 10 mahali pa ndoana, uweke sufuria kuukuu hatua ishirini mbele yako. Kaza kitasa cha pembeni mwa rili hadi chubwi iwe inashuka polepole ukiiachilia. Rusha kwa ulaini, gumba likigusa mshipi, na uukomeshe kabisa chubwi inapogusa ardhi. Siku ya kwanza mshipi utafumana na watoto wa jirani watacheka. Siku ya tano utaanza kusikia sufuria ikilia. Binti yangu alifika hapo siku ya tatu. Mimi sitasema.

Mtu mmoja ataniambia, "Haya yote ya nini? Ukweli ni kwamba vifaa vya ghali ndivyo huvua." Basi nimwambie habari ya George Perry, kijana mkulima wa Georgia, Marekani. Tarehe 2 Juni 1932, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, alitoka na rafiki yake kwenda kuvua. Inasimuliwa kwamba walikuwa na ufito mmoja, rili moja na chambo kimoja tu cha kugawana, vyote vya bei ya chini. Alimtoa besi wa pauni 22 na aunsi 4, zaidi ya kilo 10. Rekodi hiyo ya dunia haikufikiwa na mtu hadi mwaka wa 2009, Manabu Kurita alipomvua wa uzito wa namna hiyo katika Ziwa Biwa, Japani. Na Perry alimfanya nini samaki wake? Alimpeleka nyumbani, familia ikala.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walisema kweli, na wewe usitumie miezi sita ukilinganisha fito huku likizo za watoto zinapita. Lakini hawakusema ulime kwa kijiko. Jua urefu, jua nguvu, jua mkunjo, pitisha pamba kwenye pete, ulipe, uende.

Ufito wangu wa dhahabu ungalipo. Mke wangu huanikia nguo za mtoto. Binti yangu amekuwa mtu mzima, na wake wa M, wa futi 6 na inchi 6, wa vipande viwili, ambao tulimnunulia kwa bei isiyofika ya huo wangu, bado unafanya kazi. Juzi alinipigia simu kuniuliza kama Jumapili nina nafasi. Nikamwambia ninayo. "Basi baba," akasema, "usijisumbue kubeba ufito. Nitakuazima wangu."